Sufi ya Makoti

Mafunzo yenyewe yalifanyika nchi kavu. Hilo ulishike mapema, maana mengine yote yalitokea hapo. Watu ambao kazi yao ilikuwa juu ya chelezo cha mapipa na mbao, wakipigilia nguzo za gati mbali na ufuo, walifundishwa namna ya kutokufa maji wakiwa wameketi mchangani, ndani ya banda la makuti, kila mmoja na kikombe cha chai ya maziwa na mahamri juu yake.

Ilikuwa ufuo wa chini ya Msambweni, mwaka wa tano wa Uhuru. Mzungu aliyeanzisha kazi ya gati alikuwa amekwenda kwao, na kiti chake alikikalia Bwana Mselem, mtu wa pale pale, ambaye wazee walimjua tangu anatembea bila suruali. Watu walifurahi. Walisema sasa msimamizi ni mwenzetu, ataona haya kututenda yale ya Mzungu. Haya ni kitu cha mtu asiyeshika funguo za stoo.

Mwalimu wa usalama alitoka Nairobi, kijana wa miwani mwenye Kiswahili cha bara, lakini mwenye adabu zake. Alivaa koti la kuelea alilokuja nalo mwenyewe, la turubai la rangi ya chungwa, lenye mifuko mipana kifuani na mgongoni, na ndani ya kila mfuko kifuko kilichojazwa kitu chepesi.

"Mikanda yake inafungwa nyuma," akawaambia, "kwa hiyo hakuna mtu anayejifunga peke yake. Kila mtu na mwenzake. Unamfunga, unavuta mpaka alalamike, halafu unamgonga mgongoni ajue umemaliza. Funga, vuta, gonga. Semeni."

"Funga, vuta, gonga," wakasema, wengine mahamri mdomoni.

Makoti ya kampuni yalikuwa yamepangwa juu ya mkeka, mapya, yanang'aa. Mwalimu aliyapitia kwa macho, akaridhika. Hakuinua hata moja. "Sasa twendeni majini," akasema, "kila mtu ajaribu la kwake."

Bwana Mselem akatazama bahari. "Maji yamekupwa, mwalimu. Kuyafuata huko ni mwendo, na wali utapoa. Halafu hawa ni watu wa pwani. Hawa huogelea kabla ya kutambaa."

Banda zima likacheka, na mwalimu akacheka nao, kwa ugeni. Mwero akacheka kwa sauti kuliko wote. Naye Mwero alikuwa mtu wa Kinango. Maji aliyokulia yalikuwa ya lambo, yanamfika mbuzi magotini, na mwaka wa ukame hayakuwako hata hayo. Lakini ungetaka aseme nini, katikati ya watu waliozaliwa Vanga na Gazi? Aseme, bwana, mimi kuogelea sijui, halafu kesho amkute mwingine amesimama mahali pake? Akanywa chai yake. Kalama, jirani yake na mwenzake wa kufungana, akamgonga mgongoni.

"Umeshafungwa, Mduruma," akamwambia. "Sasa hata papa hakuwezi."


Alasiri hiyo Mwero alimfundisha mkewe. Mishi alikuwa uani akichagua mchele. Mumewe akamwinua, akaenda kuuchukua mto kitandani, akamwekea kifuani na kumzungushia leso.

"Funga," akasema. "Vuta."

"Wanikaba, mume wangu."

"Ndivyo atakavyo mwalimu. Gonga." Akampiga kofi dogo mgongoni. "Haya. Sasa ukitupwa baharini, utaelea mpaka Pemba."

"Na wewe je, utaelea?"

"Mimi nimefunzwa," akasema Mwero.

Mishi akacheka, akajifungua, akaukung'uta ule mto na kuurudisha mahali pake kwa uangalifu. Ulikuwa mto wa sufi, mpya, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na kingine kipya.

Mto huo ulikuwa ujira. Mishi alikuwa mshona mito, na mtu akioza binti Msambweni hana budi kukipamba kitanda cha bi harusi kwa mito ya sufi, mingi, iliyotuna. Mto wa makumbi ni wa kulalia siku zote. Bi harusi akilazwa juu yake, watu watalisema jambo hilo mpaka apate wajukuu. Mwaka ule misufi ilizaa vibaya. Waliooza mabinti walizunguka mpaka Lunga Lunga wakitafuta sufi na kurudi na viganja vitupu. Lakini Bi Mwanatumu, mke wa Bwana Mselem, aliyekuwa akimwoza Asiya wake, alifika kwa Mishi na magunia yamejaa.

"Hii nimeipata Mombasa, mwanangu," alimwambia. "Imeshaambuliwa mbegu. Wewe kazi yako ni sindano tu." Kisha akamsukumia gunia jingine, la vifuko vya turubai vitupu. "Na hivi vijaze makumbi, matambara, utakachopata, uvifunge. Ni vya kukalia, vya ile mashua ya wakubwa."

"Matambara yatakuwa magumu, Bi Mwanatumu. Wakubwa hawataumia?"

"Wakubwa wana nyama zao."

Walicheka wote wawili. Mishi akaishona mito ya Asiya, ikatoka mizuri, na vile vifuko akavishindilia makumbi na mapande ya magunia na nguo kuukuu zisizofaa hata kupigia deki. Uzi mweupe ulimwishia katikati, akamalizia kwa uzi wa buluu aliobaki nao. Bi Mwanatumu hakumpa fedha. Alimwachia konzi za sufi iliyosalia, na Mishi akampa mkono, akamwombea dua yeye na bintiye.


Siku ya ajali bahari ilikuwa shwari. Nguzo iliponyoka kwenye mnyororo, ikakipiga chelezo ubavuni, na chelezo kikainuka upande mmoja kama sinia. Watu wakamwagika. Wale wa Vanga wakaogelea makoti na yote, wakalalamika baadaye kuwa yaliwalemea. Mwero aliletwa nyumbani amebebwa machelani, analia kwa kila pumzi, na koti lake bado kifuani. Boga, mvuvi wa zamani aliyemkamata kwa upondo na kumvuta kama pweza, ndiye aliyeikata mikanda kwa kisu na kulitupa koti uani.

"Yu hai, dada," alimwambia Mishi. "Mgeuze kwa ubavu, ateme."

"Na Kalama?"

Boga akaiangalia miguu yake. "Kalama bado hajaonekana."

Alionekana maji yalipokupwa, kwenye mizizi ya mikoko. Waliomwona kwanza ni Bwana Mselem na watu wake wa ofisini, waliokwenda kwa mashua. Walimrudisha amefunikwa turubai, na koti mbali naye. Bwana Mselem akawakusanya watu papo hapo, maiti akiwa chini.

"Koti lake tumelikuta limelegea," akasema. "Lilimtoka. Mlifundishwa, nikaleta mwalimu mpaka kutoka Nairobi, mkala, mkanywa. Kila mtu amfunge mwenzake. Kalama alifungwa na nani?"

Watu wakageuza macho upande wa nyumba ya Mwero. Hapakuwa na haja ya kumtaja.


Habari huwa haina mlango wa kubisha. Kabla Kalama hajazikwa, waliokuwa wakileta uji kwa Mwero walikuwa wamekwisha kupungua. Muuza samaki aliipita nyumba ya Mishi kama aipitaye nyumba ya ndui. Ofisini walimtuma mtu kusema kwamba Mwero asirudi kazini, amevunja mafunzo, na kwamba kampuni inafikiria kama imshitaki au imwache kwa huruma. Huruma ndilo neno walilotumia.

Baada ya kumaliza matanga alikuja Kadzo, mjane wa Kalama. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa makuti tu; wanawake hawa walikuwa wakiazimana chumvi na moto miaka yote. Siku hiyo Kadzo alipiga hodi kama mgeni. Mishi akamsogezea kigoda, hakukaa. Alisimama mlangoni pa chumba, akimtazama Mwero aliyelala ubavu, kichwa juu ya mto wa sufi.

"Mwero," akasema, "ulimfunga?"

"Nilimfunga, shemeji."

"Ukavuta?"

"Nikavuta."

"Ukagonga?"

Mwero akafungua kinywa kujibu, kikohozi kikamkamata. Kilimkamata kirefu, kile cha maji ya chumvi, kinachomkunja mtu kama kamba. Kilipomwachia na akasema, "Nikagonga," Kadzo alikuwa amekwisha kugeuka. Jibu lililochelewa, kwake, lilikuwa jibu tosha.

"Kadzo, mwenzangu," Mishi akamfuata uani. "Mume wangu hasemi uwongo."

"Wangu hasemi kitu," akasema Kadzo, akapita.


Lile koti lilibaki juani, pale uani. Mishi alikuwa akilipita akienda na kurudi kisimani, naye hakuwa na nafasi ya kuliangalia. Mgonjwa ana kazi. Mpaka Boga alipokuja siku moja, amevua kofia, ameona aibu.

"Dada, Bwana Mselem amenituma. Asema koti ni mali ya kampuni, lirudishwe stoo."

"Limekatwa mikanda. Lina kazi gani?"

"Sijui. Asema leo hii."

Mishi akaenda kulichukua, na mkono ukashangaa. Jua la siku zote hizo, na koti lilikuwa bado zito, baridi, linatoa harufu ya kitu kilichooza ndani. Makumbi mabichi hunuka vile. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa kifuani, akakivuta kifuko nje kidogo, na hapo akauona uzi wake. Wa buluu. Mshono wake mwenyewe, wa kurudia mara mbili, aliofundishwa na mamake.

Akakirudisha kifuko mfukoni, akalikumbatia koti.

"Dada?"

"Mwambie Bwana Mselem halijakauka," akasema Mishi.

"Ataniuliza litakauka lini."

"Mwambie nimekwambia halitakauka."

Boga akamtazama, akalitazama koti. Hakuwa mjinga. "Nilimwona Kalama," akasema polepole. "Sijamwambia Kadzo. Nilimwona kabla hajazama. Hakuwa akipiga maji kama mtu aliyevuliwa koti. Mikono yake ilikuwa nyuma, dada. Alikuwa akitafuta mikanda."


Kwa Bwana Mselem palikuwa na bati jipya na kizingiti cha saruji. Mishi aliingia kwa mlango wa nyuma, kama waingiavyo washonaji, akamkuta Bi Mwanatumu akipanga udi na mashuka ya harusi. Mlango wa chumba cha Asiya ulikuwa wazi. Kitanda kilionekana, na mito juu yake, mweupe juu ya mweupe, kama mawimbi yaliyofanywa kwa ajili ya watu wasiolowa.

"Shikamoo, Bi Mwanatumu."

"Marahaba. Mgonjwa yuaonaje?"

"Yuakohoa." Mishi hakungoja kukaribishwa. "Ile sufi ilitoka wapi?"

Mwanamke yule akaendelea kukunja shuka. Alilikunja mpaka likawa dogo mno. "Nilikwambia. Mombasa."

"Ilikuja kutoka Mombasa ndani ya makoti."

"Funga mlango, Mishi."

Mishi hakuufunga. Bi Mwanatumu akaenda kuufunga mwenyewe, na aliporudi sauti yake ilikuwa ya upole, ule upole wa kumsemesha mtoto aliyeshika kisu. "Sikiliza, mwanangu. Hakuna aliyetaka mtu afe. Makoti yale yalikaa stoo tangu wakati wa Mzungu, hayakuvaliwa na mtu. Mume wangu alisema ni ya kuonyesha wakaguzi tu. Watu wa pwani na koti la kuelea, wapi na wapi?"

"Mwero ni mtu wa Kinango."

"Angesema."

"Angesema, mngempa kazi?"

Bi Mwanatumu akalikunjua shuka, akalikunja upya. "Haya. Nenda ukaseme. Lakini ujue unachokwenda kusema. Mimi sijui kushona. Mume wangu hajui kushona. Makoti yatakapofunguliwa, uzi wa nani utaonekana? Watu wa Kalama watakuja na mapanga wamtafute nani? Sasa wanasema mumeo alizembea, na mtu kuzembea ni jambo la kawaida, watasahau. Wewe watakwita muuaji. Rudi nyumbani, umwuguze mumeo. Baada ya harusi nitakuletea kitu."

Akachukua bakuli la halua iliyobaki, akamtia Mishi mkononi. Na Mishi, kwa mazoea tu, mikono ikapokea. Alikuwa amefika barabarani alipogundua ameibeba. Akaimwaga mtaroni, bakuli na yote.


Mwero alisikiliza mpaka mwisho, uso kwenye ukuta. Kisha akajiinua kwa kiwiko, akauvuta ule mto chini ya kichwa chake, akautazama kama nyoka aliyelala naye.

"Hii?"

"Hiyo."

Akausukuma ukaanguka sakafuni. Alikaa akihema. Mishi alidhani atamlaumu, na alikuwa tayari, hata alitaka alaumiwe. Lakini Mwero alisema jambo jingine.

"Nilivuta sana, Mishi. Kalama aliniambia, Mduruma, utanivunja mbavu. Nikamwambia ndivyo asemavyo mwalimu. Nikavuta tena." Akaiangalia mikono yake. "Ningemfunga ovyo, kama wanavyosema, angelivua. Angekuwa hai."

"Si wewe."

"Nimefanya kila nilichofundishwa. Wewe umefanya kila ulichotumwa. Basi nani?"

"Wenyewe wanajulikana."

"Usiende kusema," akasema Mwero. "Watakugeukia. Mimi nimeshazoea kutosalimiwa. Niache mimi niwe mzembe."

Hapo ndipo hasira iliyokuwa ikizunguka ndani ya Mishi tangu auone ule uzi ilipopata pa kutokea. "Uzoee," akasema. "Uzoee kama ulivyozoea kucheka ukiambiwa wajua kuogelea. Kama nilivyozoea mimi kupokea halua. Wale kule chini wanavaa makoti yale yale kesho, wanafunzwa tena kuyakaza. Bwana Mselem ameandika watu wapya. Na mimi nikae hapa, nizoee?"

Mishi akauokota mto, akaupangusa.


Mafunzo ya pili yaliletwa kwa sababu Ofisi ya Leba ya serikali ilikuwa imeuliza. Mwalimu yule yule alirudi, bila kicheko safari hii, na akashikilia kwamba maji yawe yamejaa na kila mtu aingie. Bwana Mselem alikubali kwa kuwa hakuwa na njia. Lakini kwanza, akasema, lazima watu wafahamu ajali ilitokeaje. Watu wapya walikuwa wamesimama ufuoni, makoti mwilini, wameshafungana wawili wawili. Nyuma yao wanawake wauza vitumbua, watazamaji, na Kadzo katika nguo zake za eda, aliyeitwa na ofisi aje kuonekana.

"Mwenzetu Kalama," Bwana Mselem alikuwa akisema, "aliuawa na uzembe wa rafiki yake. Mtu alipewa mafunzo, akayadharau. Alimfunga mwenzake kama afungaye mzigo wa kuni…"

Mishi alipita katikati ya watu. Mto alikuwa ameujitwika kichwani na koti amelikumbatia, na unyevu wake ulikuwa ukimlowesha leso.

"Mama, hapa ni kazini," akasema Bwana Mselem.

"Najua. Kazi yenyewe niliifanya mimi."

"Mtoeni."

Boga, aliyekuwa karibu, alijifanya anafunga kamba ya kiatu, ingawa hakuwa amevaa viatu. Mwalimu akavua miwani, akaivaa. "Mwacheni aseme," akasema.

Lakini Mishi hakusema. Aliingia baharini mpaka magotini, akalitupa koti mbele, akautupa mto kando yake.

Kwa kitambo vyote viwili vilikaa juu ya maji. Bwana Mselem alianza kutabasamu. Kisha koti likainama upande mmoja, kama mtu anayetega sikio. Likanywa. Rangi ya chungwa ikawa ya kahawia, ikawa kivuli, na kivuli kikashuka taratibu, bila kelele, mpaka pakawa na maji tu. Mto uliinuliwa na wimbi, ukashushwa, ukainuliwa. Mweupe, mwepesi, hauna habari.

"Sufi ya mto ule ndiyo iliyokuwa ndani ya koti," akasema Mishi, akiwageukia. "Na mito mingine kama ule iko kitandani kwa Asiya, kwa Bwana Mselem. Ndani ya makoti yenu muna matambara. Niliyatia mimi. Niliambiwa ni vifuko vya kukalia, nikashona. Uzi wangu ni wa buluu, tazameni."

"Mmemsikia," Bwana Mselem akasema upesi. "Amekiri kwa kinywa chake. Aliyeshona ni yeye."

"Ni mimi. Nimesema, na nitasema popote. Sasa na wewe useme sufi ilitoka wapi."

Boga hakungoja. Alimkamata kijana mmoja wa wapya, akaingiza kisu kwenye mfuko wa kifuani, akachana. Likatoka kumbi jeusi, kisha pande la gunia, kisha mkono wa kanzu kuukuu, ulioning'inia pale kama unaomba. Akachana la pili. La tatu hawakumngoja, walichana wenyewe.

Bwana Mselem akamgeukia mwalimu, akaanza kwa Kiingereza, akaacha. "Mwalimu, wewe uliyakagua," akasema.

Kijana yule alikuwa amebadilika rangi. "Niliyaona yamepangwa," akasema. "Sikuinua hata moja." Akalirudia, hakumwambia mtu yeyote hasa. "Sikuinua hata moja."

Kwa kuwa mikanda ilikuwa nyuma, hakuna aliyeweza kuvua peke yake. Wakageuziana migongo, wakafunguana, wawili wawili, kimya kama watu walio msikitini. Na kila aliyefunguliwa alikwenda akalitupa koti lake miguuni pa Bwana Mselem, mpaka akazungukwa na rundo la rangi ya chungwa likimfika magotini, asipate pa kukanyaga.

Usidhani alifungwa. Wakubwa walikuja kwa gari, wakauliza, wakaandika, wakaenda. Naye akahamishwa Mombasa, kwenye stoo kubwa kuliko ile. Asiya aliolewa, akalazwa juu ya mito yake. Mwero hakurudishwa kazini, maana mapafu yake hayakuwa tena ya kazi, na Mishi kwa miaka hakuletewa mto wa harusi na mtu yeyote Msambweni. Nchi yetu ilikuwa changa, wanasema. Kalama pia alikuwa kijana.


Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ile, jua likiwa bado juu ya minazi, Kadzo alipiga hodi. Nguo zake za eda zilikuwa zimelowa mpaka kifuani. Alikuwa ameufuata ule mto ndani ya maji, mbele za watu wote, akautoa. Aliushika kwa mikono miwili.

Mwero alikuwa ameketi, ameegemea ukuta. Kadzo akasimama pale pale aliposimama siku ile.

"Ulimfunga," akasema. Safari hii hakuwa akiuliza.

"Nilimfunga."

"Ukavuta."

"Nikavuta, Kadzo. Mpaka akalalamika."

Kadzo akatikisa kichwa kukubali. Akakitikisa tena, na tena, kama mtu anayehesabu kitu kisichokwisha. "Boga ameniambia ilikokuwa mikono yake," akasema. "Kwa hiyo ulimfunga vizuri."

Mwero akafunika uso. Hapakuwa na msamaha katika maneno yale, wala lawama. Palikuwa na ukweli tu, na ukweli ule hakuna aliyejua pa kuuweka. Kadzo akatoka. Alimpita Mishi mlangoni bila kumtazama, akauanika mto juu ya ua wa makuti ulio kati ya nyumba zao, akaunyoosha pembe, akaenda kwake. Mishi alimsikia akifunga mlango kwa komeo, mchana kweupe.

Alikaa kizingitini mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia. Kisha akaenda uani, akaushika mto. Kitambaa kilikuwa kimelowa chapachapa, kimejaa mchanga. Akaufumua mshono kidogo, akaingiza vidole. Ndani ilikuwa kavu.